Funzo Lisitangulie Machozi

Katika shule zetu liko swali moja lililozoeleka kama kengele ya asubuhi. Shairi likisha kusomwa, kabla vumbi la chaki halijatua, mwalimu hugeuka akauliza: "Shairi hili latufunza nini?" Wanafunzi, ambao wamekwisha kujua linalotakiwa, hujibu kwa sauti moja: latufunza subira, latufunza kutopenda mali, latufunza kwamba dunia si kitu. Mwalimu huyaandika majibu hayo ubaoni, wanafunzi huyanakili, na shairi huzikwa hapo hapo bila matanga.

Mimi ni mwalimu wa walimu. Swali hilo nimeliuliza mara nyingi, na vijana waliopita mikononi mwangu wamelichukua kwenda nalo katika shule nyingi za Pwani. Leo nataka kulishtaki mbele yenu, ninyi mnaoulizwa, maana ninyi ndinyi mnaodhulumiwa nalo. Sisemi kwamba mashairi hayana mafunzo. Nasema kwamba funzo likitangulia kila kitu huwa kama mgeni anayekaa mezani kabla ya mwenye nyumba, akala chakula chote, kisha akasifu upishi.

Shahidi wangu wa kwanza ni mwanamke aliyekufa zamani, mbali sana na hapa. Jina lake ni Anne Bradstreet. Alizaliwa Uingereza mwaka 1612, katika jamaa ya Wapuritani, Wakristo waliotaka kulitakasa Kanisa la nchi yao na mambo waliyoyaona kuwa ni uzushi. Mwaka 1630 alivuka bahari pamoja na mumewe na wazazi wake kwenda Massachusetts, Marekani. Akazaa watoto 8, akatunga mashairi, na mwaka 1650 kitabu cha mashairi yake kikapigwa chapa London. Wakati ule mwanamke mwenye kalamu alitazamwa kwa jicho la mashaka. Hata hivyo aliandika.

Usiku wa tarehe 10 Julai 1666 nyumba yao iliyokuwa Andover ilishika moto. Watu wa nyumbani waliokoka. Nyumba haikuokoka, wala vitu vilivyokuwamo, na miongoni mwa vitu hivyo yalikuwamo baadhi ya maandishi yake mwenyewe. Baada ya msiba huo alitunga shairi ambalo halikupigwa chapa katika uhai wake. Mwanawe alilinakili, na hivyo likatufikia.

Nitawaeleza mwendo wa shairi hilo kwa maneno yangu. Mtunzi amelala bila wasiwasi. Anagutushwa na kelele za moto. Anatoka nje, anautazama moto unavyokula makao yake, mpaka macho yanashindwa kutazama. Hapo anamtukuza Mungu, kwamba vilivyochukuliwa vilikuwa vyake Yeye tangu mwanzo. Laiti shairi lingeishia hapo, swali letu la ubaoni lingekuwa limepata jibu lake. Lakini haliishii hapo. Siku zinapita, na kila apitapo kwenye magofu macho yake yanageuka yenyewe kutafuta. Hapa alizoea kuketi. Pale alizoea kulala. Pale palikuwa na sanduku, na hapa palikuwa na kasha. Halafu anaisemesha nyumba kana kwamba ni mtu: hakuna mgeni atakayekaa tena chini ya paa lako, hakuna chakula kitakacholiwa mezani pako, hakuna hadithi itakayosimuliwa, hakuna mshumaa utakaowaka ndani yako. Baada ya hayo yote ndipo anapoukemea moyo wake, akaukumbusha nyumba nyingine iliyoko juu, isiyoweza kuungua, akaiaga mali ya dunia.

Sasa nije Ukunda. Mwaka mmoja nilikwenda katika shule fulani ya sekondari, si mbali na hapo, kumtazama mwanachuo wangu akifanya mazoezi ya kufundisha. Alikuwa kijana hodari, mwenye sauti nzuri na mwandiko mzuri zaidi. Alikuwa amelichagua shairi hili, akalifasiri kwa Kiswahili cha nathari, akalisoma mbele ya darasa. Likisha kusomwa akauliza swali lile. Mikono ikainuka. Subira. Kutopenda mali. Dunia si kitu. Ubao ukajaa.

Ndipo msichana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema: "Samahani, mwalimu. Kama vitu hivyo si kitu, mbona anavihesabu?"

Mwanachuo wangu alitabasamu kwa upole, akajibu: "Swali zuri, lakini haliwezi kutokea katika mtihani. Tuendelee."

Nami niliyeketi kwenye kona nikiwa na karatasi ya kutoa alama, niliandika: "Amelidhibiti darasa vizuri."

Baada ya kipindi nilimwita yule msichana, nikamwuliza lililomfanya aulize. Akaniambia kwamba mwaka uliotangulia, wakati wa kaskazi, nyumba yao ya udongo iliyoezekwa makuti iliungua mchana kweupe. Hakuna aliyekufa. Majirani walikuja, wakasaidia kwa walichokuwa nacho, na kila mmoja alimwambia mama yake: "Shukuru uhai, mwanangu. Vitu hutafutwa." Mama alishukuru. Lakini kwa wiki nyingi, alipokuwa akipeta mchele au akichota maji, mama alikuwa akivitaja vitu kimoja kimoja: kinu alichopewa na mama yake, mkeka wa ukili aliousuka mwenyewe, mbuzi ya kukunia nazi, kandili, kanga mbili ambazo hakuwahi kuzivaa. "Nikadhani mama yangu hana imani," akasema yule msichana. "Leo nimesikia yule mwanamke naye akivitaja. Basi nikataka kujua kama naye hana imani."

Wanafunzi wapenzi, nimesoma vitabu kadhaa vya uhakiki, lakini sijasoma swali lililopiga kwenye kiini cha shairi hilo kuliko lile. Nasi tulilifukuza, mwanachuo wangu kwa tabasamu na mimi kwa alama nzuri.

Tulijibu, basi, ijapokuwa tumechelewa. Kama masanduku na meza havikuwa kitu, mtunzi angetumia mstari mmoja kusema hivyo, kisha akaenda zake. Yeye ametumia beti nzima nzima kuvitaja. Mtu haagi asichokuwa nacho moyoni. Tena utazame mpangilio. Anashukuru mapema, usiku ule ule wa moto. Shukrani ile ni ya kweli, lakini haikumaliza kazi. Huzuni inarudi mchana, njiani, katika siku za kawaida, na inambidi aanze upya kujifariji. Faraja ya mwisho ina uzito kwa sababu tumeiona ikitafutwa. Ukiyaondoa masanduku, ukabakiza faraja peke yake, umembakizia mgonjwa karatasi ya dawa, na dawa umeimwaga.

Wako watakaoniambia: "Mwalimu, wataka kuwafundisha watoto kunung'unika. Dini yafundisha kuridhika." Hao nawajibu kwa dini. Bradstreet aliposema kwamba Mungu hutoa na Mungu hutwaa, alikuwa akifuata maneno ya Ayubu. Maneno hayo yako katika sura ya kwanza ya kitabu cha Ayubu, na kitabu kile kina sura 42. Katika sura nyingi zinazofuata Ayubu analia, anauliza, anahojiana, na mwishoni wanaokemewa ni rafiki zake waliokuja na mafunzo tayari mikononi. Na nyinyi mliohitimu chuoni kwa maalimu mnaijua Sura ya Yusuf. Nabii Yakub alisema kwamba lake ni subira njema. Na katika sura ile ile twaambiwa kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni ya mwanawe. Hakuna aliyemhesabu kuwa amekosa subira. Subira si kutoumia. Asiyeumia hana haja ya kusubiri.

Wako wengine, na hawa hoja yao ni nyingine, wasemao: "Shairi la mwanamke wa Kizungu lina nini na watoto wa Kidigo? Tuna yetu." Naam, tunayo, na laiti tungeyasoma vizuri. Tunayo Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wa Pate ulipokuwa umeporomoka. Ninyi mmefundishwa kwamba utenzi huo waonya juu ya hadaa ya dunia, na ni kweli waonya. Lakini mtunzi yule hakuonya kwa maneno matupu. Anatuingiza katika nyumba za matajiri wa Pate, anatuonyesha taa zilivyong'aa, vyombo vya kigeni vilivyopangwa katika zidaka, kumbi zilizojaa watu. Kisha anatuonyesha zidaka zile zile zikiwa makao ya ndege, na kumbi zikiwa na wadudu na giza. Mtu asiyezipenda nyumba zile asingezikumbuka mpaka katika zidaka zake. Mshairi Mwislamu wa Pate na mshairi Mpuritani wa Andover hawakujuana, wala dini yao haikuwa moja, lakini kila mmoja alihesabu kabla ya kuonya. Nasi twawasomea watoto onyo, twaificha hesabu.

Au mchukueni Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi mwaka 1858, akijua kwamba maradhi hayatamwacha. Watu huuita utenzi wa maadili, wakanyamaza. Lakini msomeni polepole, mtaona nyumba imo mle: usafi wake, harufu yake, mapambo yake, watu wanaoingia na kutoka. Mama anayekufa anampa binti yake nyumba kwa njia ya maneno. Kwa hiyo, msimfukuze Bradstreet ili mumpishe Mwana Kupona. Waketisheni pamoja, waulizane habari za nyumbani.

Iko hoja ya tatu, na hii ndiyo nzito kuliko zote. Siwezi kuipita kwa upole. Husemwa: "Huyo Bradstreet aliililia nyumba yake, lakini nyumba hiyo ilisimama juu ya ardhi ya nani?" Swali hili ni la haki, na jibu lake limeandikwa. Mwaka 1646 baraza la koloni la Massachusetts lilithibitisha kwamba ardhi ya Andover ilinunuliwa kwa Cutshamache, mkuu mmoja wa wenyeji wa nchi ile, kwa pauni 6 na koti moja. Pauni sita na koti! Walikuwako watu waliopika, waliosimulia hadithi na waliokoka moto juu ya ardhi ile kabla meza ya Bradstreet haijaletwa, na katika shairi lake hawamo.

Mtoto wa Kwale haihitaji ramani kulielewa jambo hili. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya Pwani yetu. Aliyedai ardhi yake mbele ya maofisa, akathibitisha, alipewa hati. Ardhi isiyodaiwa kwa njia hiyo ikawa ya Serikali. Wamijikenda wengi, ambao umiliki wao ulikuwa katika minazi waliyoipanda, makaburi ya wazee wao na kumbukumbu ya ukoo, hawakuwa na karatasi. Hivyo watu waliozaliwa mahali pao wakaja kuitwa maskwota mahali pale pale. Hata baada ya uhuru wa mwaka 1963, habari ya nani ana hati na nani hana haikwisha kuwa kidonda katika nchi hii ya Diani na Msambweni.

Basi je, kwa sababu hiyo tulichome shairi la Bradstreet? Hapana. Mimi nasema ndipo tulisome zaidi, na tulisome kwa ukali. Shairi hilo latupa mizani: latuonyesha nyumba moja ina uzito gani kwa mtu mmoja anapoipoteza. Mwenye mizani hiyo mkononi aweza kuuliza: na nyumba za watu wa Cutshamache zilikuwa na uzito gani? Pauni sita na koti vyaweza kusawazisha mizani? Mtunzi hakuuliza hivyo. Sisi twaweza kuuliza, na yeye mwenyewe, bila kujua, ndiye aliyetupa kipimo. Lakini msomaji aliyefundishwa kwamba shairi hilo lasema "mali si kitu" hawezi kuuliza swali hilo kabisa. Kwani kama mali si kitu, basi na aliyenyang'anywa hakunyang'anywa kitu.

Hapa ndipo ninapoliona hatari lile swali la ubaoni. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mtakuwa watu wazima. Mmoja wenu atakuwa chifu, mmoja karani wa ardhi, mmoja hakimu, mmoja mthamini wa mali anayetumwa kuandika fidia ya watu watakaohamishwa ili barabara au machimbo yapite. Atakuja mbele yenu mzee asiye na karatasi, au mama aliyeunguliwa, au ukoo ulioambiwa uondoke mahali palipo makaburi yake. Mkiwa mlifundishwa shuleni kwamba jibu la kupotelewa na nyumba ni subira tu, mtawaambia, "Subirini," na mtadhani mmekuwa wema. Mtaandika: nyumba moja ya udongo, makuti, vyumba viwili, na hesabu itakuwa imekwisha. Kinu hakitakuwamo. Kivuli cha mwembe hakitakuwamo. Mahali pa kusimulia hadithi hapatakuwamo. Wala hamtajua kwamba mmeacha kitu, kwa kuwa hamkufundishwa kukiona.

Subira ni pambo kubwa kwa yule aliyepatwa. Akiitumia yule asiyepatwa kumfunga mdomo mwenzake, huwa ni dhuluma iliyovaa kanzu safi.

Nini, basi, nataka kifanyike? Nataka mambo matatu, na hakuna lililo gumu. Kwanza, shairi likisha kusomwa, mwanafunzi aulizwe: "Umeona nini?" Ataje vitu: sanduku, meza, mshumaa, zidaka, taa. Asiruhusiwe kusema "dunia" mpaka awe amesema "sanduku". Pili, aulizwe: "Ni nani hayumo?" Katika shairi la Andover hawamo wenyeji waliokuwako kwanza. Katika nyumba za Pate, fikirini ni mikono ya nani iliyofagia kumbi zile na kuziwasha taa zile. Tatu, na hili ndilo la mwisho, aulizwe funzo. Wakati huo atakuwa na haki ya kulisema, kama vile msafiri anavyokuwa na haki ya kueleza safari baada ya kuisafiri.

Tena msingoje mpaka mwalimu awape vitabu. Nchi yenu yenyewe ni kitabu. Karibu na mahali mto Mwachema unapoingia baharini, Diani, uko Msikiti wa Kongo, wa karne nyingi, ambao bado watu huswali ndani yake, na mibuyu imesimama kando yake. Kusini yake iko Kaya Kinondo, msitu mtakatifu ulio miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Neno "kaya" lenyewe maana yake ni nyumbani. Wazee waliishi humo, wakatoka, na msitu ukabaki ukilindwa kwa miiko. Nendeni kwa adabu na kwa ruhusa ya wazee, mwulize: hapa palikuwa na nini? Mlango ulikuwa upande gani? Nani aliruhusiwa kupita? Yaandikeni majibu. Hiyo ni kazi ile ile aliyoifanya Bradstreet alipopita kwenye magofu yake, na aliyoifanya Sayyid Abdalla kwa ajili ya Pate.

Yule msichana wa Ukunda nilimwomba aiandike orodha ya mama yake. Niliporudi wiki iliyofuata alinipa karatasi mbili zilizojaa pande zote. Vitu 43, kila kimoja na mahali kilipokuwa kimewekwa. Hakutia funzo lolote chini yake. Niliisoma mbele ya wanachuo wangu, naye yule kijana hodari akaomba kuinakili. Mimi nami nilikwenda kabatini, nikaitoa ile karatasi ya alama, nikaifuta sentensi yangu, nikaandika mahali pake: "Mwanafunzi mmoja aliuliza swali lililo bora, na sisi wawili tulikataa kulijibu."

Kwa hiyo, kijana msomaji, mwalimu atakapokuuliza kesho shairi latufunza nini, usimvunjie heshima. Simama wima, umwambie kwa adabu: "Mwalimu, nitajibu; lakini naomba kwanza nivihesabu vitu vilivyoungua."